Gamba la Kobe: Jinsi ya Kulitunza na Mambo Yanayoliharibu

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la afya ya mifugo na wanyama wa nyumbani



Huenda mada hii ikawachekesha baadhi ya waliokuja kusikiliza habari za chanjo ya mbuzi. Chanjo itazungumziwa baadaye. Kwa sasa ni zamu ya kobe, na hasa gamba lake. Kobe wengi hufikishwa kwa daktari wa mifugo wakiwa wamechelewa: gamba limeoza, limelainika, limetobolewa, au limepakwa kitu kisichotoka. Mara nyingi aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema kabisa. Alidhani gamba ni kama jiwe, kwamba halisikii na haliugui.

Kabla ya kuingia katika mada, kuna jambo la sheria ambalo halina budi kusemwa wazi. Kobe wote wa porini nchini Kenya wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Hakuna ruhusa ya kumwokota kobe shambani au barabarani na kumfanya wa nyumbani. Anayetaka kumfuga lazima apate kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na bila kibali hicho adhabu ni faini kubwa au kifungo. Kobe anayepita shambani mwako aachwe apite. Hali mboga nyingi kiasi cha kumtia mkulima hasara, na akishaondoka, ameondoka. Mwenye kobe nyumbani bila kibali, hata kama alimrithi kwa babu, afike ofisi ya KWS iliyo karibu na kueleza hali ilivyo. Asiende usiku kumtupa kobe katika msitu asioujua, kwa sababu kobe aliyezoea ua wa nyumba hajui maji yako wapi kule, na huenda akawaambukiza wa porini magonjwa aliyoyapata nyumbani.

Basi maelezo haya ni ya wenye vibali, ya shule na taasisi zinazotunza kobe kihalali, na ya kila mkazi atakayemkuta kobe aliyeumia njiani.

Gamba ni nini hasa? Ndani yake ni mfupa. Mbavu za kobe na uti wake wa mgongo vimeungana na mifupa mingine hadi kuwa kitu kimoja, ndiyo maana kobe hawezi kutoka katika gamba lake kama wanavyoonyesha katuni za watoto. Kumtoa kobe ndani ya gamba ni sawa na kumtoa mtu katika kifua chake. Juu ya mfupa huo kuna vipande vigumu vilivyopangwa kama vigae vya paa. Vigae hivyo vimeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilicho katika kucha za binadamu na pembe za ng'ombe. Kobe wa kawaida wa nchi kavu ana vigae vikubwa 13 mgongoni: 5 vimefuatana katikati, na 4 kila upande. Vingine vidogo huzunguka ukingo, na chini tumboni kuna vya kwake.

Katikati ya keratini na mfupa kuna ngozi nyembamba iliyo hai, yenye damu na mishipa ya fahamu. Kobe anasikia ukimgusa gambani. Ukimkuna polepole kwa kidole, wengine hujitikisa au kuinua kiuno kwa raha. Basi anayesikia kidole, atasikiaje msumari?

Hapa ndipo lilipo tatizo la tundu. Wapo wanaotoboa ukingo wa gamba kwa msumari wa moto au mashine ya fundi, wakapitisha kamba au waya, wakamfunga kobe kwenye mti kama mbuzi. Tundu hilo limetobolewa kwenye mfupa ulio hai. Linauma, linatoka damu, na linafungua mlango wa vijidudu kuingia mwilini. Kamba nayo hunasa kwenye kichaka, kobe akazunguka mti hadi akabaki juani saa sita mchana bila pa kujificha, na hawezi kupoza mwili wake kwa jasho. Kobe hahitaji kamba. Anahitaji ua wenye ukuta mfupi usiopenya macho, kwa sababu akiona upande wa pili atahangaika kutwa nzima kutafuta njia ya kupita. Matofali machache yaliyopangwa, au magogo yaliyolazwa, yanatosha. Yachimbiwe kidogo ardhini, kwani kobe hujua kuchimba.

Jua. Mwili wa kobe hauwezi kujenga mfupa bila kalsiamu, na kalsiamu ya chakula haiwezi kutumika vizuri bila vitamini D. Vitamini hiyo kobe huitengeneza ngozini kwa miale fulani ya jua, ile ile inayounguza ngozi ya mtu. Katika nchi za baridi wafugaji hununua taa maalumu za kuleta miale hiyo, na hulipia umeme mchana kutwa. Kenya iko kwenye ikweta na jua ni la bure, lakini bado kuna kobe wanaolainika magamba kwa kukosa jua, kwa sababu wamefungiwa stoo, jikoni, au ndani ya katoni chini ya kitanda ili wasiibwe. Wengine huwekwa karibu na dirisha, mwenye nyumba akiamini kwamba mwanga unatosha. Hautoshi. Kioo huzuia miale hiyo inayohitajika. Kinachopita ni mwanga na joto tu.

Kobe akae nje. Awe na mahali penye jua la asubuhi na la jioni, na mahali penye kivuli cha kweli kwa saa za mchana: kichaka, mti, au kibanda kifupi cha mabati kilichoezekwa nyasi juu ili kisigeuke tanuri. Atajipangia mwenyewe. Ukimwona asubuhi ametandaza miguu na shingo juani, ujue anajipasha joto, mwache.

Chakula ndipo makosa mengi yalipo, na hapa maelezo yatakuwa marefu kidogo.

Kobe anayepatikana sana katika maeneo makavu ya kaunti hii ni yule mwenye madoadoa meusi na ya manjano, ambaye wataalamu humwita kobe-chui. Porini hula nyasi, magugu, maua yaliyoanguka, na mimea yenye maji kama mpungate, pamoja na matunda yake. Ni chakula kikavu chenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Sasa angalia kinachotupwa uani: ugali wa jana, wali, mkate, maganda ya ndizi, nyanya zilizooza, na wakati mwingine chakula cha mbwa. Kobe atakula. Hana adabu ya kukataa. Lakini ugali na mkate havina kalsiamu ya maana, na vina fosforasi inayoizidi. Chakula cha kobe kinapaswa kuwa na kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi. Uwiano huo ukipinduka kwa miezi mingi, mwili wa kobe hufanya kile ambacho mwili wowote ungefanya: huchukua kalsiamu kutoka kwenye akiba, na akiba yenyewe ni mifupa, gamba likiwa mojawapo. Gamba hubonyea. Miguu hupinda. Kobe hushindwa kuinua tumbo anapotembea, akawa anaburura.

Mboga za majani nazo si sawa zote. Spinachi na terere zinapendwa mezani, na kwa mtu ni nzuri, ila zina asidi ya oksalati kwa wingi, ambayo hushikana na kalsiamu tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Mwenye kobe anayemlisha terere kila siku akiamini anampa madini, anamnyima. Kidogo mara moja moja si neno. Sukuma wiki ina kalsiamu nzuri kuliko hizo, lakini nayo isiwe chakula cha kila siku peke yake. Kabichi haina ubaya mkubwa wala faida kubwa. Maharagwe na ndengu ziachiwe watu. Maziwa hayamfai kobe hata kidogo, na nyama vilevile.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula iwe nyasi, mbichi wakati wa mvua na kavu wakati wa kiangazi. Ongezea magugu ya shambani yasiyopuliziwa dawa, vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba, na majani na maua ya mhibiskasi. Jambo la dawa lisichukuliwe kwa wepesi. Majani yaliyokatwa kandokando ya shamba lililopuliziwa wiki hii yatamdhuru kobe kabla ya kudhuru kitu kingine, kwa kuwa hula mengi na mwili wake husafisha sumu polepole.

Kalsiamu ya ziada inapatikana bila gharama. Maganda ya mayai yachemshwe, yaanikwe, yasagwe, na unga wake unyunyizwe juu ya nyasi mara mbili au tatu kwa wiki, hasa kwa watoto wa kobe na kwa jike anayetaga. Jamaa wanaosafiri Pwani wanaweza kuleta ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni. Kobe huutafuna mwenyewe anapouhitaji. Msishangae mkimwona kobe-chui porini akiguguna mfupa mkavu wa mnyama aliyekufa zamani, au hata akila kinyesi cheupe cha fisi. Anatafuta kalsiamu. Fisi hula mifupa, na kinyesi chake kimejaa mabaki ya mifupa hiyo.

Maji ya kunywa yawe kwenye chombo kipana kisicho na kina, kama sinia au kifuniko cha debe, kobe aweze kuingia na kutoka bila kupinduka. Mtoto wa kobe hunufaika akiwekwa katika maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni kwa dakika kumi au kumi na tano, mara chache kwa wiki. Hunywa, hujisaidia, na mwili wake hupata unyevu.

Unyevu unahusiana na gamba kwa njia ambayo zamani haikujulikana vizuri. Kobe wengi wanaolelewa na watu huota vinundu mgongoni. Kila kigae huinuka kama kichuguu. Kwa miaka mingi lawama iliwekwa kwenye protini pekee. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna nchini Austria, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kulea vifaranga wa kobe wakubwa wa Afrika kwa miezi mitano, wengine katika hewa kavu na wengine katika hewa yenye unyevu, na kwa vyakula vyenye protini ya viwango mbalimbali. Waliokulia kwenye ukavu ndio walioota vinundu zaidi. Protini ilichangia kidogo tu. Hii haina maana kwamba sasa kobe apewe chakula cha mbwa. Ina maana kwamba kifaranga asiwekwe kutwa kwenye sakafu ya simiti iliyo kavu. Awe na kona yenye udongo na nyasi zilizonyunyizwa maji, ajizike humo anapotaka, kama anavyofanya porini anapojificha chini ya kichaka.

Ijulikane pia kwamba kobe-chui huweza kuwa na miinuko midogo kwa maumbile yake, hata wa porini. Na vinundu vikishaota havirudi chini. Kinachoweza kufanywa ni kurekebisha malezi ili gamba linaloota sasa liwe laini, na kobe mwenye vinundu vya kiasi huweza kuishi miaka mingi bila shida.

Lakini unyevu ni kitu kimoja na matope ni kingine. Mvua za vuli zikianza, ua wa kobe hugeuka dimbwi, na kinyesi huchanganyika na tope. Kobe akikaa humo siku nyingi, gamba la tumboni huanza kuoza. Bakteria na kuvu huingia kwenye mkwaruzo mdogo au kwenye maungio ya vigae. Dalili ni hizi: doa lenye rangi tofauti, kigae kinachocheza ukikigusa, mashimo madogo, majimaji, wekundu chini ya keratini, na harufu mbaya. Harufu isipuuzwe kamwe. Gamba lenye afya halinuki.

Ndiyo maana ni vizuri kumgeuza kobe taratibu mara moja kwa wiki na kuangalia tumbo lake, kisha kumrudisha bila kumlaza chali kwa muda mrefu. Ukikuta doa dogo la juu juu, safisha kwa maji safi na mswaki laini, kausha, na upake dawa ya ayodini ya vidonda iliyochanganywa na maji hadi iwe na rangi ya chai nyepesi, huku kobe akihamishiwa mahali pakavu. Ukikuta pamelainika, panatoka usaha au panaonyesha mfupa, usingoje. Maambukizi ya gamba huweza kuingia katika damu, na hapo kobe huhitaji daktari wa mifugo na dawa ya sindano. Kupona huchukua miezi. Mnyama huyu hufanya kila kitu kwa mwendo wake.

Sasa kuna mambo ambayo watu hupaka. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka, hata rangi ya viatu, ili gamba ling'ae kwa picha. Mafuta hushika vumbi na uchafu, na chini ya utando huo kuvu hupata makao mazuri. Gamba la kobe-chui mzima halikuumbwa ling'ae. Vumbi kidogo ndilo vazi lake. Rangi ya nyumba ni mbaya zaidi. Wapo waliompaka kobe rangi za bendera, na wapo walioandika namba kubwa ili wamtambue akipotea. Rangi huzuia jua, na kemikali zake si salama kwa ngozi iliyo hai chini ya keratini. Njia bora ya kumtambua kobe ni kumpiga picha mgongoni na tumboni na kuhifadhi picha hizo. Madoa ya kobe-chui hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na picha hiyo itasaidia pia ofisa wa KWS akija kukagua. Kumwosha, maji matupu yanatosha. Sabuni ya unga ni ya nguo.

Kupe ni jambo linalowagusa wafugaji wote, wawe na kobe au wasiwe naye. Kupe hujificha pale gamba linapokutana na ngozi, kwapani na kwenye paja, na wengine hung'ang'ania katika maungio ya vigae. Kuna aina za kupe wanaopenda kobe hasa, na baadhi yao wanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa maji moyoni, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Jambo hili si la kubuni: mwaka 2000 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingizwa nchini humo kwa kobe-chui na aina nyingine mbili za kobe wa Afrika, kwa hofu kwamba kupe wao wangeupeleka ugonjwa huo kwa ng'ombe wa kule. Kwa hiyo kumhamisha kobe kutoka wadi moja hadi nyingine ndani ya gari la mbuzi ni hatari kwa mbuzi kuliko mtu anavyofikiri.

Kupe wa kobe wang'olewe kwa kibano, mmoja mmoja, kwa kuvuta moja kwa moja karibu na ngozi. Kobe asitumbukizwe katika dawa ya kuogeshea mifugo. Na hapa wafugaji wasikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika maelezo haya: sindano ya aivamektini, ile inayouzwa katika kila agroveti kwa minyoo na kupe wa ng'ombe, ni sumu kwa kobe. Humpooza na huweza kumuua, hata kwa kiasi kidogo, na kobe-chui ni miongoni mwa wanaodhurika upesi. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mtu aliyebakiwa na dawa kidogo katika bomba la sindano, baada ya kuwadunga mbuzi wake, humdunga na kobe ili isiharibike. Kobe hulegea miguu na shingo, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Dawa ya minyoo ya kobe ipo, ila ni nyingine kabisa, na itolewe na daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Kobe waliovunjika gamba hupatikana zaidi barabarani, kwenye mashamba yanayochomwa kabla ya kulimwa, na katika nyumba zenye mbwa. Mbwa huguguna gamba kama mfupa mwingine wowote, na kwa pua yake si makosa, kwani ni mfupa. Mbwa wa nyumbani anayecheza na kobe vizuri kwa mwaka mzima anaweza kumtafuna siku moja akiachwa peke yake naye.

Ukimkuta kobe aliyepasuka gamba, usidhani amekwisha. Mfupa wake hupona. Zuia damu kwa kitambaa safi. Osha ufa kwa maji safi ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, yamwagwe taratibu bila kuyasukuma ndani. Funika kwa kitambaa safi ili nzi wasitage, maana kidonda chenye nzi leo kina mabuu baada ya siku moja. Mweke kobe katika katoni yenye matundu ya hewa, mahali palipotulia, asipewe maji ya kuogelea, na apelekwe kwa daktari wa mifugo au KWS siku hiyo hiyo. Usipake majivu, kinyesi, mafuta ya gari wala dawa ya meno. Na usimimine gundi ya fundi wa viatu. Gundi hufunga ufa kwa nje, uchafu ukabaki ndani, na baada ya wiki mbili daktari hulazimika kufungua upya kidonda kilichooza. Daktari naye huweza kuunganisha vipande kwa waya au vifaa vingine, ila baada ya kusafisha na kuhakikisha hakuna maambukizi.

Kobe aliyeungua huonekana mzima siku za kwanza. Keratini imebabuka tu, watu wakamwacha. Baada ya majuma kadhaa vigae hudondoka na mfupa mweupe uliokufa huonekana chini yake. Mfupa mpya hujengeka pole pole chini ya ule wa zamani, na jambo hilo huchukua miaka. Mkulima anayechoma shamba, ambako ni bora asichome, azunguke kwanza kwa miguu na kutazama chini ya vichaka. Anayeanza moto pande zote nne kwa wakati mmoja hamwachii kobe njia.

Yapo magamba yanayoonekana yameharibika kumbe ni mazima. Kule Nguni na Nuu, katika nyufa za miamba, anaishi kobe bapa, mwembamba kama sahani, ambaye mifupa ya gamba lake ina mapengo na hubonyea kidogo ukimshika. Huo si ugonjwa. Ulaini huo ndio unaomwezesha kujisukuma ndani ya ufa mwembamba ambako hakuna mnyama wa kumtoa. Aina hii imo hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu wachuuzi wa wanyama huinua na kuvunja mawe kuwatafuta, na mwamba uliovunjwa hauwi makao tena. Jike hutaga yai moja tu kwa wakati, mara chache zaidi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori zilimweka katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi. Mgeni anayeuliza bei ya kobe bapa kijijini aripotiwe kwa chifu au KWS.

Yupo pia kobe ambaye nyuma ya mgongo wake kuna mstari kama ufa. Hiyo ni bawaba. Gamba hujifunga kwa nyuma kulinda miguu. Na kobe wa majini, wale wa kwenye mabwawa, hubambua vigae vyao vyembamba wanapokua. Kobe wa nchi kavu akibambuka hivyo, ni mgonjwa.

Baada ya maelezo, maswali yaliruhusiwa. Mama mmoja aliuliza kama ni kweli watoto wasimshike kobe. Alijibiwa kwamba kobe anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta kuhara kubaya kwa watoto wadogo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, chombo chake cha maji kisioshewe penye vyombo vya kupikia, na mtoto wa chini ya miaka mitano asiachiwe kobe acheze naye.

Mwalimu aliuliza jinsi ya kujua kama gamba la kifaranga linakomaa inavyotakiwa. Jibu lilikuwa kwamba kifaranga huzaliwa na gamba linalobonyea kidogo kama ukucha, na huendelea kukaza kadiri miezi inavyopita. Abonyezwe kwa ncha ya kidole, kwa upole sana, mara moja kwa mwezi. Akifikisha mwaka mmoja na bado anabonyea, au aliyekuwa mgumu akaanza kulainika, apelekwe kwa daktari. Mistari myeupe myeupe kati ya vigae isimtie mtu hofu, kwani hapo ndipo gamba linapoota.

Mwanafunzi wa darasa la sita ndiye aliyeuliza la mwisho: je, mtu akihesabu zile duara kwenye kigae atajua umri wa kobe, kama inavyofanywa kwa mti uliokatwa? Aliambiwa kwamba duara hizo hutokea kobe anapokula vizuri na kukua, kisha akapunguza kasi. Katika sehemu yenye misimu miwili ya mvua, huweza kuota duara mbili kwa mwaka mmoja, na mwaka wa ukame huenda isiote hata moja. Kobe mzee naye duara zake za kwanza zimekwisha futika kwa kujisugua kwenye mawe na vichaka. Mzee, kobe wa Aldabra wa Haller Park kule Mombasa, aliyejulikana duniani baada ya ndama wa kiboko aitwaye Owen kumfuata kila mahali mwaka 2005, alisemekana kuwa na miaka 130 hivi. Umri huo ni makadirio; haukuhesabiwa mgongoni mwake.